Usiulize nchi, uliza mtaa: yaliyonikuta Bujumbura Mei 2015

Kila nchi jirani ikichafuka simu yangu haipoi. Wenzangu wa biashara, watoto wa kaka zangu, hata watu niliosoma nao Ujiji enzi hizo, wote swali lao moja, eti da kule kunaendeka? Na jibu langu huwa linawaudhi maana siwapi ndio wala hapana, nawauliza kule wapi? Mtaa gani? Unafikia kwa nani? Unaingia saa ngapi? Mtu anakasirika, anaona namzungusha, ila kwa kweli sina jibu jingine, kwasababu nchi haichafuki yote kwa mpigo. Taarifa ya habari inakwambia Burundi inawaka, sawa, lakini wewe huendi kulala Burundi nzima, unaenda kulala kwenye nyumba moja kwenye mtaa mmoja, na mtaa ule unaweza ukawa wanacheza bao wakati mtaa wa pili wanachoma matairi.

Mi nauza vitenge. Mzaliwa wa Kigoma, Muha, na kwa miaka mingi njia yangu ilikuwa ni hiyohiyo, Kigoma mjini mpaka Manyovu, unavuka Mugina, Mabanda, unashuka Nyanza-Lac, unashika barabara ya pembeni ya ziwa, Rumonge, mpaka Bujumbura. Soko kuu la pale mjini liliungua Januari 2013, tangu hapo wengi tukawa tunachukulia mzigo Ruvumera, kule Buyenzi, na maduka ya mtaa wa Asiatique. Kwa asiyeijua, Buyenzi ni mtaa wa Waswahili kabisa, misikiti, magereji kila kona, watu wanaongea Kiswahili chao cha Buja kitamu na Mtanzania ukiingia hujioni mgeni sana. Ndo alipokuwa anaishi shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa huko tangu mi mdogo.

Sasa tarehe 25 Aprili 2015 chama tawala CNDD-FDD kikampitisha Rais Pierre Nkurunziza agombee tena. Wapinzani wakasema huo ni muhula wa tatu na makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000 yanaruhusu miwili tu, upande wake wakasema ule wa 2005 hauhesabiki maana alichaguliwa na bunge sio wananchi. Kesho yake tu watu wakaingia barabarani. Na mi huku mzigo nimeshaulipia, hela si yangu yote, kuna ya kikundi cha akina mama wenzangu, na wanataka vitenge kabla ya msimu wa harusi. Kwahiyo safari haikuwa ya starehe wala ya kutafuta kiki, ilikuwa lazima niende au nipoteze, na naamini wengi wanaosafiri kwenda sehemu zenye vurugu wapo kwenye hali hiyo. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "usiende" hujamsaidia kitu, mwambie anaendaje.

Nilianza na shangazi. Akasema usije. Siku ya pili nikapiga tena, akasema usije. Ya tatu ndo akaanza kunielezea, na pale ndo nikajua sasa tunaongea. Hakuongelea serikali wala nini, alinitajia mitaa: Musaga kila asubuhi ni mawe na mabomu ya machozi, Nyakabiga hivyohivyo, Cibitoke na Mutakura kule kaskazini usikanyage kabisa, Kanyosha ambako mnapita mkitokea Rumonge inategemea na saa, Buyenzi watu wanafungua maduka ila saa nane wanafunga. Akasema vijana wanaanza kujikusanya asubuhi watu wakishaamka, mchana ndo panakuwa pabaya, jioni wanatawanyika, usiku mtu asitoke. Ndani ya dakika tano nimepata kitu ambacho redio zote zilikuwa hazijanipa. Tukapanga niingie mjini alfajiri, kabla hawajaweka vizuizi barabarani, maana yake nilale Rumonge njiani.

Pale Manyovu nilifanya kitu ninachokifanya mpaka leo. Sikuwauliza madereva wanaoenda, nikawauliza wanaorudi. Anayeenda anataka abiria, atakwambia barabara nyeupe dada panda. Anayerudi hana biashara na wewe, yeye ndo gazeti lenyewe la asubuhi, anakwambia tumesimamishwa mara ngapi, wapi wanakagua mabegi, wapi wanataka hela. Waulize wawili watatu halafu uone maelezo yao yanagongana wapi, hapohapo yanapogongana ndo pa kuwa makini.

Kuhusu hela watu wengi wanajisumbua na kuficha tu, kuficha ni nusu ya kazi. Mi nilikuwa na hela sehemu tatu, za mzigo zimeshonewa ndani ya pindo, za matumizi kwenye pochi ya kawaida, na pochi nyingine chakavu yenye faranga kidogo na kitambulisho cha zamani, hiyo ni ya kutoa. Akija mwizi, akija askari mwenye njaa, akija kijana mwenye fimbo anayejiita mlinzi wa barabara, anapewa ile. Na iwe na hela kweli, sio shilingi mia mbili, ukimpa mtu pochi tupu anajua una nyingine. Noti ndogondogo muhimu sana, siku mambo yakiharibika hakuna chenji mji mzima, na kama unabeba dola hakikisha ni za miaka ya karibuni na hazijachanika maana zile za zamani ukanda huu wanazikataa hata siku za amani. Usitegemee benki wala simu. Wenzangu wanaofanya biashara na Goma wameyaona haya kule Kongo mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia mjini, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, mtu ana mamilioni kwenye akaunti na hana hela ya unga.

Karatasi nazo. Nilikuwa na hati ya kusafiria, kadi ya homa ya manjano, na fotokopi za vyote, seti moja kwa mdogo wangu Kigoma, nyingine kwa shangazi. Pia nilipofika nilipiga ubalozi wetu pale Bujumbura nikajiandikisha jina, namba, na nilipofikia. Watu wanaona hayo ni mambo ya wazungu na wakubwa, sio kweli, ubalozi hauwezi kukutoa mtaani kama haujui upo. Bima ya safari nasikia wenye uwezo wanakata, ila wasome maandishi madogo mle ndani, nyingi hazilipi ukidhurika kwenye vita au vurugu za kisiasa. Sisi wa vitenge bima yetu ni shangazi.

Simu nilichukua kitochi. Ile ya kupangusa niliiacha Kigoma na sababu zilikuwa mbili. Kwanza mwishoni mwa Aprili walishafunga WhatsApp na Viber kwenye simu, so ningekuwa nimebeba kioo tu. Ya pili ndo kubwa, kwenye vizuizi walikuwa wanaangalia simu. Kwenye kibasi chetu kijana mmoja aliteremshwa kwasababu ya picha, sijui picha gani, hatukuuliza, tulikaa kwenye jua saa nzima mpaka akarudishwa akiwa hana rangi. Kitochi askari anakiangalia anacheka anakurudishia. Na mdogo wangu tulipatana muda, asubuhi saa moja na jioni saa kumi na mbili namtumia meseji ya kawaida, neno moja tu, "mzima". Isipofika jioni asubiri mpaka asubuhi, isipofika na asubuhi ndo aanze kupiga kwa shangazi, halafu ubalozini. Hiyo ya kusubiri tuliiweka makusudi maana mtandao ulikuwa unakata, na bila hivyo mtu wa nyumbani anaanza kulia saa moja na dakika tano na kuwapigia watu wote, presha za bure.

Halafu kuna hili ambalo ni letu sisi Waha. Kiha na Kirundi tunasikilizana kabisa, nikikaa kwenye basi naelewa kila wanachoongea, na hiyo ni faida kubwa, nilijua askari wanaambizana nini kabla hawajanifikia. Lakini kuongea ni habari nyingine. Kizuizi cha kwanza mama mmoja Mtanzania mwenzetu wa kule Kasulu aliwajibu kwa Kiha, yaani kwa heshima tu, wakaanza kumshuku kwamba ni Mrundi anatembea na karatasi za Tanzania, wakamuuliza maswali kama anaomba uraia. Mi nilipofikiwa nikaongea Kiswahili cha bongo kabisa, cha kuvuta, "shikamoo afande, habari za kazi", nikaulizwa unatoka wapi, natoka Kigoma, unaenda wapi, kwa shangazi Buyenzi, ananisubiri. Wakapita. Mahali ambapo watu wanatafutana, wanataka haraka kukuweka kwenye fungu fulani, kwahiyo jiweke mwenyewe kwenye fungu la mgeni mwenye mwenyeji, na jibu lako liwe fupi, la kweli na lilelile kila kizuizi. Mavazi nayo hivyohivyo, sio siku ya kuvaa tisheti ya chama chochote, hata ya chama cha kwenu Tanzania, nani atajua tofauti ya rangi akiwa na bunduki na usingizi.

Buyenzi kitu cha kwanza shangazi alichonifanyia sio chai, alinitembeza. Akanionyesha nyumba ipi ni ya mkubwa wa nini, wapi kuna kituo cha polisi, wapi kuna kijiwe cha vijana wa chama, geti la nyuma linatokea uchochoro gani, uchochoro unatokea kwa nani. Tangu siku ile popote ninapolala, hata gesti ya Tabora, naangalia majirani kwanza. Watu wanachagua hoteli kwa kuangalia kama ni nzuri, nyakati za vurugu hoteli nzuri iliyopo jirani na kituo cha redio, kambi, ofisi ya chama au sheli ya mafuta ni mbaya kuliko chumba cha mbavu za mbwa kilichojificha. Mtaona mbele.

Na shangazi akaniwekea sheria, hapa neno langu ndo la mwisho, nikisema hatutoki hatutoki hata kama unaona mtaa mzima unatoka. Mi mtu mzima, nina watoto, nikasema ndio shangazi.

Ikaja Jumatano tarehe 13 Mei. Marais wa Afrika Mashariki walikuwa wamekutana Dar es Salaam kuongelea Burundi hiyohiyo na Nkurunziza mwenyewe alikuwa huko. Mchana Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza redioni kwamba rais ameondolewa. Jamani, sijawahi kuona mji umelipuka vile kwa furaha, watu waliokuwa wamejifungia ndani wakamwagika barabarani, wamebeba matawi ya miti, honi, wanakumbatia wanajeshi, wanaimba, vijana wanapanda juu ya magari. Kelele zilifika mpaka Buyenzi. Binamu yangu akaniambia twende tukaone, historia hii, utawahadithia wajukuu. Na moyo unataka kwenda, msinidanganye kwamba nyie msingetaka. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, hakuinuka, akasema anayetoka asirudi hapa. Aliyaona mapinduzi ya 1993 yule mama, alijua mapinduzi hayaishi kwa kutangazwa redioni.

Usiku wake na kesho yake Alhamisi ndo ikaja hesabu. Wanajeshi wakagawanyika, wakapigana kugombea RTNB, redio na televisheni ya taifa, milio tuliisikia tukiwa tumelala chini. Redio binafsi zikashambuliwa, RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance, nyingine zikachomwa moto. Sasa fikiria uliyechukua chumba kizuri jirani na redio. Ijumaa tarehe 15 waliopindua wakasalimu amri na rais akawa amerudi. Wale waliokuwa wanajipiga picha juu ya magari Jumatano, Ijumaa walikuwa wanafuta picha huku mikono inatetemeka, na wengine walihama kabisa. Ndo maana nawaambia watu, siku ya shangwe iogopeni kuliko siku ya mawe. Siku ya mawe kila mtu anajua ni hatari anajificha, siku ya shangwe watu wote wako nje, nyuso zao zinaonekana, na hakuna anayejua nani atakuwa madarakani keshokutwa.

Zile siku ndani tuliishi hivi. Shangazi alikuwa ameshajaza maji kwenye kila chombo tangu mapema, madumu, ndoo, hata beseni la kuogea mtoto, maana maji na umeme ni vya kwanza kukatika. Kulikuwa na mchele, maharage, ndagala wakavu, mkaa wa kutosha, mishumaa, na dawa zake za presha za mwezi mzima, hiyo ya dawa muizingatie sana kama mna mgonjwa, duka la dawa likifungwa limefungwa. Tulilala kwenye korido, sio chumbani. Korido kwasababu risasi ikipita dirishani au ukuta wa kwanza inakutana na ukuta wa pili kabla ya kukufikia, mabati hayazuii kitu na mlango wa mbao hauzuii kitu. Watoto katikati, wakubwa pembeni. Hakuna kuchungulia, watu wengi wanapigwa risasi wakichungulia, mlio unapoanza mtu akili inamwambia nenda dirishani kaone nini, mwili wako uufundishe kinyume chake, mlio ni kulala chini kwanza maswali baadaye. Taa zizimwe, simu zisilie. Kandambili weka mbali, lala na viatu vya kukimbilia jirani na kichwa chako na mkoba mdogo wenye karatasi, hela, maji, dawa na pedi. Ndio pedi, nyie wanaume mnaoandika orodha za usalama huwa mnasahau.

Watoto tuliwachezesha kete na hadithi. Mdogo wao aliuliza kama ni fataki, shangazi akamwambia ndio ni fataki, mkubwa akamwangalia tu bibi yake akanyamaza.

Habari tulikuwa tunapata kwa redio ndogo ya betri, Dira ya Dunia ya BBC jioni, na Sauti ya Amerika, maana redio za pale zimeshanyamazishwa imebaki ya taifa tu ambayo saa hii iko mkononi mwa huyu saa hii mwa yule. Huku uvumi unatembea kuliko moto: rais yuko angani, rais ameshuka, rais karudi Dar, maji yametiwa sumu. Tukawa na kanuni pale nyumbani, habari ya mtu mmoja hatuifanyii kazi mpaka itoke na upande mwingine usiojuana naye, isipokuwa habari inayosema kaa ndani, hiyo unaifuata hata ikiwa ya uongo maana haina hasara.

Kingine, ukishakuwa Mtanzania siku zile kila mtu anakuuliza siasa. Mkutano ulikuwa Dar basi mi nimekuwa msemaji wa Ikulu, mzee wa nyumba ya pili anakuja ukutani, "nyinyi Watanzania mumeamua nini?" Mzee wangu, mi nauza vitenge. Ndo lilikuwa jibu langu kwa wote, wa huku na wa huku. Hata kwa watu unaowapenda usiseme unamuunga mkono nani, sio kwasababu watakusaliti, ni kwasababu wakiulizwa watakuwa hawana cha kusema. Siku zile kuitwa sindumuja, yaani mpinzani wa muhula wa tatu, au kuitwa mtu wa chama tawala ilitosha kabisa mtu kukosa usingizi.

Kuondoka nako kuna ujanja wake. Kabla sijaingia nilikuwa na njia tatu kichwani. Ya kwanza ile niliyokuja nayo. Ya pili kupanda juu mpaka Kobero kutokea Ngara, ni ndefu ila inakuepusha na ziwa na kusini. Ya tatu boti kutoka Nyanza-Lac mpaka Kagunga, kijiji chetu cha mwisho kule kaskazini, halafu Kigoma, hiyo niliiweka ya mwisho kabisa kwasababu kuanzia Mei upepo wa kusini unachafua ziwa na boti za watu wanaokimbia huwa zinajazwa kupita kiasi, mtu anakimbia risasi anaenda kuzama. Ukiwa na njia moja tu huna njia, na mpaka unaweza kutangazwa umefungwa saa yoyote kama walivyotangaza ile Jumatano.

Binamu alitaka niondoke Ijumaa ileile, mara tu walipotangaza imeisha. Shangazi akakataa, akasema waache kwanza waliokasirika wamalize kukasirika. Na sikutakiwa pia kungoja sana maana kila mtu alijua maandamano yatarudi. Dereva mmoja wa Rumonge, mkwe wa jirani, aliingia Jumamosi na kurudi, akatuambia vizuizi viko vingapi na vina watu gani. Jumapili alfajiri nikaondoka naye, mzigo nikauacha. Hapa wenzangu wa kikundi walininunia, lakini niwaambie, mtu mwenye marobota barabarani wakati ule ni tangazo, kila kizuizi anafungua, kila kizuizi analipa, na gari linalosimama muda mrefu ndo linalokutwa na mambo. Nilitoka na kimkoba kama mtu anaenda msibani. Jumatatu yake mitaa ya Musaga na mingine ikawaka upya, na Ijumaa iliyofuata, tarehe 22, ikarushwa gruneti sokoni katikati ya mji, ikaua watu kwenye wauza mboga.

Kuvuka mpaka sio mwisho wa tahadhari lakini. Nilipofika Kigoma mji umebadilika, maelfu ya Warundi wameshaingia Kagunga, kijiji kidogo kile kimebanwa kati ya mlima na ziwa, hakina barabara, meli ya MV Liemba imepewa kazi ya kuwasomba kuwaleta mjini ndo wapelekwe kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kipindupindu kikaanza kuua watu walioponea risasi. Kwahiyo dawa ya kutibu maji na pakiti za chumvi sukari kwenye mkoba sio urembo. Niliwaona akina mama wametembea siku na siku halafu wanakunywa maji ya ziwa palepale watu wanapojisaidia, kwani wafanyeje.

Watu wakifika salama wanaona kazi imeisha, hawampigii hata aliyewahifadhi. Mi nilipiga kwa shangazi kabla sijavua viatu, nilimpa majina ya vizuizi vyote na nani alikuwa mstaarabu na nani hakuwa, akawapa wengine. Sikuhadithia kwenye daladala wala kwenye vikao vya harusi nilikuwa kwa nani na nilisikia nini, Kigoma ile ilikuwa na masikio ya kila upande na shangazi bado alikuwa kule. Usingizi ulinisumbua, mkesha wa mwaka mpya fataki zilipopigwa nilijikuta niko chini ya meza sebuleni kwa watu. Muuguzi mmoja jirani yangu aliniambia ni kawaida na akanishauri niongee nayo na mtu, nikaongea naye yeye, ikasaidia.

Mwezi Desemba, tarehe 11, kambi kadhaa za jeshi zilishambuliwa pale Bujumbura, na asubuhi yake zikaonekana maiti mitaani, Nyakabiga na Musaga. Shangazi alikuwa ameshawatuma wajukuu kwangu tangu Juni. Hakuomba, alinipigia akasema "wanakuja", na mi nikasema sawa, nikanunua magodoro. Ukifichwa na mtu ujue na wewe umeshakuwa korido ya mtu.

Nimeandika haya sasa kwasababu Oktoba 29 mwaka 2025 yalitufikia wenyewe, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa, Dar wakawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amekuja kutoka Muscat kwa ajili ya harusi, yupo kwa rafiki zake, tiketi iko kwenye simu, hela ziko kwenye simu, ramani iko kwenye simu, namba za watu wote ziko kwenye simu ambayo haifunguki kitu. Namba pekee aliyokuwa anaikumbuka kwa kichwa ilikuwa ya mama yake, ya Oman. Akafanikiwa kumpata kwa kupiga kawaida, mama yake akanipigia mimi, mimi nikampigia mwenye nyumba alipokuwa, kijana wa watu hata hakuwa amefikiria maji. Nikamuuliza mpo mtaa gani, jirani yenu ni nini, mna ndoo ngapi, mna hela mkononi shilingi ngapi. Walikuwa na ndoo moja na elfu kumi na tano. Nikamwambia kuna duka la Mangi kwenye kona yenu? Lipo. Limefungua? Dirisha tu. Basi nenda sa hivi kabla ya jioni, uende wewe, sio huyo mgeni wako, chukua mchele, maharage, mishumaa na dumu mbili, mwambie utalipa mtandao ukirudi, na jina la mama yako wa kukuzaa umwachie kama rehani. Mangi akawakopesha.